Nilichoambiwa na Binti Yangu Kambini

Mugonile, wapendwa. Nimesimama kwa sababu ya tangazo lililosomwa sasa hivi, la watoto wetu wa fidla kwenda kambi ya muziki kule Matema likizo hii ya Juni. Nimewasikia wazazi hapo nyuma mkinong'ona: "Juni ni mavuno, mpunga utavunwa na nani?" Na mimi nilisema hivyohivyo. Nivumilieni kidogo.

Mnajua kwamba mke wangu alifariki. Siku yenyewe ilivyokuwa hamjui. Alasiri ile binti yetu, akiwa na miaka kumi na minne, alikuwa hapa kanisani kwenye mazoezi ya fidla. Mama yake alikuwa na presha, akaanguka jikoni peke yake. Majirani walimpakia kwenye bajaji kumkimbiza kituo cha afya, akakata roho njiani, kabla ya kufika Ipinda. Na mimi? Nilikuwa kilabuni nalewa, ndugu zangu. Nililetwa nyumbani nimeshikwa mikono, nikakuta watu wanalia.

Tulipozika, nilitafuta wa kumtwisha lawama. Wageni walipoondoka nikamwambia mwanangu, "Ungekuwa nyumbani badala ya kukwaruza nyuzi, mama yako angekuwa hai."

Hakulia. Alichukua ndoo akaenda kuchota maji.

Fidla yake nikaitupa darini, juu ya mafiga. Joto na moshi vikaila gundi, ubao wa juu ukabanduka. Na mtoto akanyamaza. Sisemi kununa siku mbili, nasema karibu mwaka. Alipika, akaniwekea chakula, akaondoka. Walimu wake wakaniita: darasani anakaa kama kisiki. Mimi nikazidi kunywa. Nikitoka shambani nikiiona nyumba yangu, nageuza njia ya kilabuni. Nawaambia, kuna siku nilisimama ukingoni mwa mto uliofurika, na sikuwa na safari ya kuvuka. Mzee mmoja aliyekuwa anatafuta ng'ombe wake ndiye aliyenisalimia, nikarudi.

Ndipo mwalimu wa muziki akaja. "Baba, nipe huyu mtoto wiki mbili tu."

Nikasema, "Mpunga umeiva."

Mama mkwe wangu, mgongo umeshapinda, akainuka akachukua mundu. "Sehemu yake nitavuna mimi. Mwache."

Nikaona haya. Mtoto akaondoka na fidla yake vipande vipande ndani ya kiroba.

Siku ya mwisho ya kambi wazazi tuliitwa. Nilipanda bodaboda tangu asubuhi bila kuonja hata tone la pombe. Nikawakuta watoto wamekaa chini ya turubai, wawili wawili, kila wawili karatasi moja ya nota. Mwalimu akaninong'oneza kwamba fundi aliiunganisha ile fidla, na binti yangu mwenyewe ndiye aliyeshika jiliwa, kile chuma cha kubana mbao, mpaka gundi ikakauka. Siku tatu hakutamka kitu. Siku ya nne, msichana wa Tukuyu aliyekaa naye alipotea katikati ya wimbo. Mwanangu akamwonyesha kwa ncha ya upinde, akasema, "Hapa." Basi tangu hapo wale wawili hawakunyamaza.

Walipiga vizuri. Mimi sikuweza kutazama.

Baadaye nikamfuata. "Mwanangu, lile neno nililokwambia, nisamehe."

Akaweka upinde chini, akasema, "Baba, siku ile mimi nilikuwa nimesharudi. Nilimkuta mama chini, bado anapumua. Nikakimbia kilabuni kukuita."

"Kuniita mimi?"

"Ulisema nisikuaibishe mbele ya watu. Ukanisukuma. Ndiyo nikaenda kwa majirani."

Ndugu zangu, sikumbuki. Mpaka leo nimesimama hapa, sikumbuki. Nimejaribu.

Nikamuuliza, "Mbona hukusema muda wote huo?"

"Ningemwambia nani? Bibi angekuchukia. Nimemwambia rafiki yangu hapa, juzi."

Pombe sikuiacha siku hiyo, nisiwadanganye. Nilianguka mara mbili tena. Lakini nilikwenda kwa mama mkwe nikamweleza yote. Jua lilipogeuka akanisogezea sahani ya ndizi. "Kula," alisema. Sasa ni miaka minne sijaonja. Kila Juni nabeba mpunga wangu, nawapikia watoto wa kambi. Binti yangu huwafundisha wadogo kushika upinde. Ananiita Baba, tunakula sahani moja. Kwamba amenisamehe, hajasema, nami simdai. Mke wangu harudi.

Mwalimu, ndaga fijo, asante sana. Fundi wa gundi, ndaga fijo. Mama mkwe, uliyevuna ukiwa na mgongo ule, sina cha kukulipa. Na yule mtoto wa Tukuyu, popote alipo, Mungu amtunze.

Wazazi, kambi itawafundisha watoto wenu nota, na kumngojea mwenzao aliyepotea. Hayo mtayaona siku ya kufunga. Ila kuna jingine hamtaliona. Mtoto wako anaweza kuwa amebeba jambo ambalo ndani ya nyumba yako hana wa kumwambia, kwa sababu jambo lenyewe ni wewe.