Bi Hasina na Vipimo vya Watu Sita

Tarehe 30 Juni, Muuguzi Hasina Idarusi anastaafu baada ya kuitumikia maabara yetu ya miamba, hapa Chumbageni, kwa miaka thelathini na miwili.

Wavuta sigara hawatamsahau. Walipoanza kujificha nyuma ya stoo ili kumkwepa, siku ya tatu walimkuta ameshatangulia, amekaa juu ya ndoo anawangoja.

Mwaka 2011 tulipokea mawe yenye urani, madini yenye mionzi, kutoka kusini. Watu sita waliyasaga kwa miaka miwili, na mara nyingi feni ya kuvuta vumbi ilikuwa mbovu. Kazi ilipokwisha, uongozi ulitaka kusimamisha vipimo vyao. Bi Hasina alikataa. Alieleza kwamba vumbi lile likiingia mapafuni hukaa, na saratani inaweza kujitokeza hata baada ya miaka ishirini. Figo nazo huharibika bila mtu kuhisi maumivu. Meneja wa wakati huo, Bwana Zubeiri, alimwambia mradi umefungwa.

"Umefungwa kwenye faili, bwana," akajibu. "Vifuani mwao bado."

Vipimo viliendelea.

Mwaka 2019 Uweso, mmoja wa wale sita, aliacha kazi akarudi kwao Mwera kulima. Vipimo navyo akaviacha. Bi Hasina alimfuata mara tatu. Mara mbili Uweso alimtoroka kwa mlango wa uani. Mara ya tatu mkewe, Mboni, alimzuia mumewe asitoke. Uweso akakiri kwamba anaogopa majibu. Bi Hasina hakubishana naye. Alikaa barazani na kichupa cha mkojo mkononi, na baada ya sala ya alasiri Uweso akakichukua mwenyewe.

Mkojo ulikutwa na protini. Picha ya kifua ikaonyesha doa. Siku kumi na tisa tulisubiri majibu, na siku zote hizo Bi Hasina hakumtania mtu. Doa likabainika kuwa ni kovu la kifua kikuu cha zamani. Figo ndizo zilikuwa zimeanza kuchoka. Daktari hakuweza kuapa kwamba ni urani, maana Uweso ana presha pia, lakini alisema angechelewa mwaka mmoja angehitaji mashine ya kusafisha damu. Leo anameza dawa na analima.

Wiki iliyopita uongozi ulitia saini kwamba sita hao watapimwa kila mwaka, mwezi Januari, maisha yao yote. Bi Hasina aliisoma karatasi mara mbili, akaomba kalamu, akaongeza jina la saba: lake. Miaka ile ndiye aliyekuwa akiyakung'uta makoti yao ya kazi kabla ya kufuliwa, na hakuwahi kutuambia.

Asante, Bi Hasina. Mola akupe umri mrefu na afya njema huko nyumbani kwako Mabawa. Januari tunakungoja kwenye vipimo.