Nani Alichachusha Kisima?

Benchi letu liko kando ya njia, kati ya kisima kipya cha mtaa na karakana ya Fundi Betri. Kahawa anapika Shangazi, ambaye si shangazi wa yeyote pale, ila hakuna anayethubutu kumwita vingine. Tangu tuchimbiwe kisima hicho, maji yake yalikuwa makali ulimini na yalikuwa yakila sufuria za Shangazi. Kijiwe kilikwisha kumpata mkosaji: kazi ya Fundi Betri ni kufufua betri za magari, na betri ina asidi. Basi yakaanza maneno ya chini chini, mwenzetu akayasikia, akaacha kuja kukaa nasi. Asubuhi moja idara ya maji ikamleta mpimaji, binti mmoja mwenye mabuti ya mpira na kifaa mkononi chenye umbo la kalamu. Tukaacha vikombe, tukamzunguka.

— Hiyo kalamu inaandika nini, mwanangu? akauliza Redio. Tunamwita hivyo kwa sababu hazimiki.

— Haiandiki, baba. Ncha yake ni kioo chembamba. Ikikutana na asidi majini inatoa umeme kidogo sana, mashine inaugeuza kuwa namba. Saba ni maji yasiyo na shida. Ikishuka chini ya hapo, maji yana uchachu.

Breki, dereva wa teksi, akarudi nyuma.

— Umeme kwenye maji ya kunywa? Si utatumaliza!

— Mtaka cha mvunguni sharti ainame, akasema Redio.

Methali ilihusikaje, sijui. Lakini binti kweli alikuwa ameinama.

Aliisuuza ncha, akaichovya kwenye vichupa vya maji ambayo uchachu wake anaujua, ahakikishe mashine haimdanganyi. Ndipo akaitia kwenye ndoo iliyotoka kisimani. Namba zikacheza, zikatulia.

— Tano nukta mbili.

— Nilisema mimi! Redio akajipiga paja. Lisemwalo lipo! Jamaa anamwaga asidi!

— Kumwaga tu? Ana bomba, bwana, akadakia Breki. Linaanzia uvunguni mwa kitanda chake, linatokea kisimani.

— Bomba la nini? nikauliza.

— La kutuchaji! Ukinywa maji yake unageuka betri, ukiisha nguvu unampelekea mwenyewe akufufue. Hujaona nywele za mkewe zinavyosimama?

— Nywele za mkewe nasuka mimi, akasema Shangazi. Koma.

Binti akauliza kama kuna kisima kingine. Nikampeleka cha shuleni, kule juu mlimani, na tuliporudi alisimama kwanza karakanani, akapima maji ya mtaro. Benchi zima lilikuwa likimtazama.

— Cha shuleni ni tano nukta moja, akasema. Mtaro wa fundi ni saba. Asidi yake chakavu anaihifadhi kwenye mapipa yenye mifuniko, nimeyaona.

— Cha juu ndicho kibaya zaidi? Redio akauliza polepole.

— Ndiyo, baba. Ni udongo na mawe ya huku. Mvua inapita humo, maji yanashuka chini chini mpaka kwenu. Asidi ya karakana haiwezi kupanda mlima. Tutawawekea mawe ya chokaa, uchachu utapungua.

— Labda anaipandisha kwa pampu, Breki akanong'ona.

Hata Redio alimtazama kwa huruma.

Binti akaisuuza ncha yake, akaivika kifuniko. Akapokea kahawa ya Shangazi kwa mikono miwili, akatuuliza bila ubaya wowote, kama mtu anayetaka tu kujua:

— Huyo fundi mlipomwuliza, alisemaje?

Breki akaanza kukagua tairi za teksi yake. Mimi nikakikodolea macho kikombe changu. Redio akawa anakoroga kikombe kitupu. Miezi yote hiyo tulimjadili mtu anayekaa upande wa pili wa njia, umbali wa kuitana tu, na hakuna kati yetu aliyekuwa amemwuliza.

Shangazi akamimina kikombe, akakijaza mpaka ukingoni, akampa Redio.

— Mpelekee. Na ukifika, usihutubie.

Redio akavuka njia taratibu asimwage. Tukainuka, tukamfuata, kila mmoja akiomba kimoyomoyo mwenzake ndiye aanze kusema.