Cheti Chako Ni Mimi

Sogezeni viti wanangu, na wewe Valter zima hiyo redio, maana pumzi niliyobaki nayo si ya kushindana na matangazo ya sabuni. Viorica, usitoke, wewe ndiye unayenigeuza kitandani, huna la kufichwa. Daktari jana alikaa hapo miguuni akaniambia "tutaona", nami nimefundisha kemia muda wa kutosha kumjua mtu anayekwepa swali. Kwa hiyo tuyamalize.

Mali si nyingi, na sehemu kubwa sheria imeshaigawa bila kuniuliza. Nyumba ni yenu wawili, Valter na Loredana. Mizabibu ya mteremko wa juu aichukue Valter, ndiye pekee anayeweza kuipogoa bila kuitolea hotuba. Ghala la chini na mapipa yake mpeni mjomba wenu Secondo. Msitazamane hivyo. Tangu mko wadogo mimi na kaka yangu tunasalimiana kwa kichwa tu, tena misibani, na ninyi mmekua mkidhani ni ugomvi wa mpaka wa shamba. Niliwaacha mdhani hivyo kwa sababu ugomvi wa mpaka hauhitaji maelezo.

Ilikuwa miaka ile ya risasi, vijana waliojiita jeshi la wafanyakazi, ingawa wengi wao hawakuwahi kushika hata spana, walipokuwa wakiwapiga watu risasi za miguu wakienda kazini, kisha wakaanza kulenga juu zaidi. Polisi wakawakamata kumi na wawili. Na mahakama ya kesi kama hizo, mnajua, haikai mpaka wapatikane raia sita kwa kura, waketi pamoja na majaji wawili, kila mmoja na mshipi wa rangi tatu za bendera begani. Majina yakatolewa, na mji mzima ukaugua. Mwalimu, kinyozi, karani wa posta, kila aliyeitwa alikuja na cheti cha daktari, na vyeti vyote vilitaja ugonjwa mmoja, huzuni ya neva, mpaka jaji mkuu wa kesi, mtu mkavu yule, akavua miwani akauliza ni kisima gani hicho tunakoteka maji yanayotutia huzuni wote wiki moja. Watu wakacheka huku wanaogopa. Secondo naye alileta chake.

Jina langu lilipotoka akaja hapo jikoni. "Delfina, usijitie ushujaa, una watoto ambao bado hawajui kufunga kamba za viatu. Daktari Bosio anakuandikia sasa hivi, wala hakupimi."

Nikamwambia mimi siumwi.

"Hata mimi siumwi, mjinga wewe. Nani anaumwa?"

"Basi nenda kawaambie unaogopa."

Akanitazama kama nimemvua nguo mbele za watu. "Maneno gani hayo ya kumwambia mwanamume," akasema, akachukua kofia yake, na hapo ndipo tulipoachana.

Sikwenda kwa ushujaa, msije mkaandika hivyo kwenye jiwe langu. Nilikwenda kwa sababu mwaka mzima nilikuwa nawaadhibu wanafunzi kwa vyeti vya uongo, nikaona haya. Miezi na miezi ya kahawa ya baridi na miguu iliyovimba, askari wawili wakinisindikiza hadi kwa muuza samaki, naye akiwauliza kama na wao wanataka dagaa. Wale wa kizimbani walitupigia kelele. Mmoja aliniambia, "Wewe mama wa koti la kahawia, tunajua unakaa kilimani." Nikawaza, basi njoo wakati wa mavuno, tumepungukiwa na mikono. Baba yenu aliwapeleka shule kwa njia tofauti kila siku, akawaambia ni mchezo.

Kumi na mmoja walifungwa. Mmoja, kijana wa kiwanda cha matairi, aliachiwa, kwa kuwa kosa lake lote lilikuwa kumwazima binamu yake gari. Tuliyosemezana mle chumbani tulipoamua hukumu sitayasema hata leo, niliapa. Lakini kama sote tungebaki na huzuni yetu ya neva, yule kijana angeozea rumande, na wale wengine wangepata walichokitafuta, yaani mji usio na hata mtu mmoja wa kawaida wa kuwatazama usoni. Shukrani yangu? Mwokaji aliacha kunisalimu kwa kuwa tulimwachia gaidi, na dada wa mmoja wa waliofungwa akanitemea mate mlangoni. Nilichoka, wanangu. Uchovu ule nimelala nao na kuamka nao mpaka leo.

Nipe maji, Viorica. Kidogo tu.

Sasa wewe, Loredana. Juzi uliongea na karani wa mahakama kwa simu ukidhani nimelala. Jina lako limetoka katika kesi ya huyu Anouar, mtoto wa hapahapa, anayedaiwa kupanga kulipua stesheni. Ukamwambia karani mama yako yu mahututi na hana mwingine wa kumtunza, na Viorica yuko hapo hapo anamenya viazi. Nikasema moyoni, wenzake walikwenda kwa Bosio, huyu binti yangu cheti chake ni mimi.

Si sasa? Sasa ni lini basi, mwanangu?

Najua una duka la dawa lenye kioo cha mbele. Unawaogopa rafiki za huyo Anouar, na unawaogopa zaidi wateja wako, ambao wameshamhukumu kwa jina lake la kigeni tu wakinywa mvinyo baa, na watakuuliza. Labda alipanga kweli. Labda alimwazima mtu gari. Mimi sijui, na wa baa hawajui. Ukimwambia karani unaogopa, naye akakuruhusu, sina neno. Secondo sikumnunia kwa hofu yake. Nilimnunia kwa kuiita ugonjwa, na kunitaka nami niiite hivyo. Na hata hilo nimelichoka, ndiyo maana mapipa ni yake, aje ayachukue mwenyewe, na mumpe chakula. Ila kufa kwangu si kwa kuazima.

Jeneza la mbao za kawaida. Padre asirefushe. Nikiondoka siku ya mahakama, nilazeni kwenye baridi hadi Jumamosi, sina haraka. Mungu awape usingizi, awape kicheko mezani, na siku mtakaposhitakiwa kwa lolote, awape watu wavumilivu wa kuwasikiliza.

Ofisi ya mahakama inafungwa saa saba mchana. Simu unayo mkononi tangu nianze, nimekuona. Piga, umwambie karani ukweli. Mimi nafumba macho tu... silali. Inaita? Taja jina lako kamili kwanza, wanapenda hivyo... Sauti, mwanangu, juu kidogo...

Jumatatu. Umesema Jumatatu, nimesikia... Haya. Beba mto wa kukalia. Viti vyao... viti vyao ni vigumu sana...