Mstari Mmoja wa Dada Eduvigis

Ndugu, majirani na marafiki, kwa niaba ya familia nawasomea, mimi mdogo wake, maisha ya dada yetu Eduvigis Charpentier Paredes.

Alizaliwa tarehe 9 Mei 1952 hapa kisiwani, San Juan Bautista, katika nyumba ya mama yenye paa la njano, akasoma shule yetu ya kijiji, kisha Valparaíso, alikohitimu elimu ya viumbe wa bahari mwaka 1976, akarudi kupima na kuainisha kambakoche gatini hadi alipostaafu.

Tarehe 14 Januari 1978 alifunga ndoa na mvuvi Belisario Arredondo, wakajaliwa mtoto mmoja wa kike, Rosalba. Novemba 1984 Belisario alileta kambakoche watatu ambao vijigamba vya mkiani vilipangwa tofauti na vya kambakoche wetu wote, dada akaamini ni aina isiyojulikana, lakini wataalamu wa bara wakamjibu kwamba bila kujua walikovuliwa hawawezi kuwapa jina.

Desturi yetu mnaijua, mahali pa kutega hujulikana kwa mistari miwili inayokutana baharini, kila mstari ukiwa alama mbili za nchi kavu zinazoonekana moja juu ya nyingine, na baba humrithisha siri hiyo mwanawe wa kiume tu. Dada alimbembeleza Belisario miaka mingi amtajie alikowavua wale watatu, naye akamtania, "Vigi, nikikwambia wewe, kesho kisiwa kizima kinatega mle. Nizalie dume kwanza!" Dume hakuja.

Tarehe 27 Februari 2010 wimbi la tsunami lilizoa nyumba ya mama, pamoja na chupa kubwa ambamo dada aliwahifadhi wale kambakoche watatu. Agosti 2012 Belisario, akiwa hoi kitandani, alimwita dada akasema, "Haya, Vigi, chukua. Kilele cha mlima Yunque juu ya paa la njano la mama yako. Huo mmoja. Wa pili, ngoja nipumue." Hakupumua tena.

Nilisimamisha nguzo ya njano palipokuwa na lile paa, na kwa misimu minane dada alitega akiufuata mstari ule mmoja, kutoka miambani hadi maji meusi, akavua wale wale tunaowajua. Rosalba alimwambia, "Mama, basi, inatosha," naye akajibu, "Wapo, mwanangu. Ni sisi tusiojua pa kusimama."

Aliugua mapafu kuanzia Oktoba 2020, akafariki Valparaíso tarehe 3 Machi 2022, na hata siku ile aliniuliza kama nguzo ingali wima.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliotupikia, wavuvi waliompa mashua, na wenzake wa gatini.

Nguzo ingali wima, dada, ila hayupo wa kuitazama kutoka baharini. Pumzika sasa, amani iwe nawe.