Mama Hadubini, Aliyeigawanya Seli kwa Mkasi

Tarehe 30 ya mwezi huu, baada ya miaka thelathini na mitatu na miezi minne ya utumishi, fundi sanifu mkuu wa maabara ya baiolojia atarudisha funguo na koti lake jeupe. Jina lake kamili limo kwenye jalada la utumishi. Sisi tunamwita Mama Hadubini, na siku hizi hata barua za mkuu wa idara huanza hivyo.

Aliajiriwa kuosha vyombo vya maabara. Alijifunza kuandaa sampuli kwa kuwatazama mafundi, akasoma masomo ya jioni huku akilea watoto wawili, na mwaka wa tisa akakabidhiwa maabara nzima. Wanafunzi walimwogopa siku ya kwanza na kumkimbilia siku ya pili. Hadubini moja tu imevunjika chini ya uangalizi wake. Aliivunja mwenyewe, akajiandikia barua ya onyo, akaijibu kwa kuomba radhi, na zote mbili zimo jaladani.

Mama Hadubini ana kigugumizi. Hakifichi, lakini kwa miaka mingi alikikwepa: mikutanoni aliandika maoni yake kwenye karatasi, na simu ikilia alimpa mwenzake apokee. Hadubini, alikuwa akisema, haimkatizi mtu sentensi.

Ni kwa karatasi vilevile alivyopendekeza kwamba kila mwaka, jioni moja, idara iwaalike majirani waone baiolojia kwa picha, ngoma na maigizo. Hoja yake ilikuwa fupi: watu wanaishi na miili yao bila kutambulishwa. Jioni ya kwanza walikuja watu kumi na mmoja, mmoja wao mlinzi aliyetaka kujua tutafunga saa ngapi. Mkuu wa idara wa wakati huo, mzee mpole asiyeyumba, alisema wazi: ya pili ikidoda, ya tatu msahau.

Mama Hadubini akatia hadubini ndogo kikapuni, akazunguka mtaa. Saluni aliweka unywele wa msusi mwenyewe chini ya lenzi. Msusi akapiga ukelele, wateja wakapanga foleni. Kwa fundi baiskeli alichota tone la maji kutoka kwenye karai la kutafutia pancha. Fundi akagoma kutia mkono humo wiki nzima. Siku ilipofika, ukumbi ulifurika hadi watu wakakaa kwenye ngazi.

Kilele kilikuwa dansi ya seli inayogawanyika. Wachezaji wawili walivaa gauni moja pana la buluu, lililoungwa katikati kwa zipu ndefu. Mshonaji alikuwa mdogo wake Mama Hadubini. Ngoma zikipanda, zipu ingefunguka na seli moja iwe mbili. Zipu ikakwama. Wakavuta, wapi! Wakazunguka jukwaa kama kuku waliofungwa mguu mmoja, wapiga ngoma wakirudia pigo lilelile, na mkuu wa idara, safu ya mbele, akaanza kuisoma ratiba kwa makini ya kupita kiasi.

Hapo Mama Hadubini akatoka nyuma ya pazia na mkasi wa maabara, akakata kitambaa kutoka shingoni hadi chini. Mtu mmoja kwenye ngazi akauliza kwa sauti, "Mama, na hiyo imo?"

Angeweza kurudi nyuma ya pazia. Alisimama. Neno la kwanza likagoma. Tulilisikia likigonga mlango mara nne, mara tano. Hakuna aliyecheka. Kisha likatoka.

"Imo. Hata mwilini mwako, seli haigawanyiki hivi hivi tu. Kuna wa kuvuta, kuna wa kukata. Sasa hivi, ulivyokaa hapo, wako kazini."

Msusi ndiye aliyeanza kupiga makofi. Mkuu wa idara alimfuata jukwaani akiwa na swali moja tu: mwaka ujao viti vya ziada vitatoka wapi? Mdogo mtu, kwa uchungu wa kitambaa chake, alimnunia dada siku tatu, kisha akaja na gauni jipya lenye vifungo.

Jioni hiyo sasa imefanyika mara kumi na tisa. Kila mwaka hufunguliwa na Mama Hadubini, kwa sauti yake na kwa mwendo wake, na mtaa mzima umejifunza kusubiri. Mumewe, seremala, ametudokeza kuwa tayari ameagizwa meza ya hadubini ya kukaa dirishani, na kwamba mabwawa yote ya jirani yajihadhari.

Mama, asante kwa kutufundisha kutazama, na kwa kutufundisha kumwacha mtu amalize kusema. Tunakuombea afya, usingizi wa asubuhi na miaka mingi yenye utamu. Siku ya kukuaga, ukishika kipaza sauti, usiwe na haraka. Dereva wa basi la wafanyakazi tumeshamwambia: haondoki mpaka umalize.