Recheli Ngollo na Chupa Iliyosubiri Kuiva

Baba Mchungaji, wazee wa kanisa, mwenyekiti wa kijiji, ndugu, majirani na ninyi nyote mliokatisha safari na kazi zenu kuja kukaa nasi hapa Usoke, familia inawashukuru na inawaomba utulivu kidogo, tuwasomee maisha ya mama yetu Recheli Ngollo, mjane wa marehemu Amon Shilinde, aliyetutoka juzi Alhamisi. Tunajua kwamba tangu mwili ufike watu wanaulizana chinichini kuhusu chumba cha uani, tunaona pia kwamba upande ule wa turubai ulio karibu na chumba hicho viti viko vitupu ilhali huku wengine wamesimama, na tunajua swali ambalo hakuna aliyethubutu kuliuliza, yaani ile chupa yake mwenyewe, aliyomtengenezea mtu mmoja, iko wapi na imefanya nini. Swali hilo litajibiwa, ila kwa mpangilio wake, maana marehemu hakupenda mtu wa kudandia habari katikati.

Recheli alizaliwa tarehe 14 Agosti 1951 katika kijiji kilicho nje kidogo ya stesheni ya Igalula, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto saba wa Mzee Samweli Ngollo na Bibi Mwanne, akabatizwa angali mchanga. Alilelewa zaidi na babu yake, mzaa baba, ambaye ujanani alikuwa mpagazi, mmoja wa wale waliobeba mizigo mabegani kutoka Kwihara hadi Bagamoyo na kurudi, na ambaye katika msafara alikabidhiwa pia kibuyu cha mafuta, yaliyopakwa kwenye nyayo na kwenye paji la uso kabla ya kuondoka, ili miguu isipasuke na ili aliye na nia mbaya njiani asiwaone. Reli ilipokuja mizigo ilihama mabegani, lakini kibuyu hakikuhama kwa mzee yule, na mjukuu huyu ndiye aliyekaa naye jikoni akikaanga mbegu za nyonyo, akizitwanga, akizichemsha na kuengua mafuta yanayopanda juu, mpaka akawa anajua kwa harufu tu kwamba chungu kimepitiliza.

Mwaka 1960 aliandikishwa katika shule ya misheni, akasoma hadi darasa la nne na kumaliza mwaka 1963, asiendelee tena, kwa kuwa nafasi za kuendelea zilikuwa chache na mahindi ya kupalilia yalikuwa mengi. Babu yake alifariki mwaka 1965, baba wakubwa na baba wadogo wakagombana kuhusu ng'ombe kwa muda mrefu, ila kibuyu hakuna aliyekigombania, kwa hiyo kikabaki kwa binti huyu wa miaka kumi na minne.

Tarehe 23 Agosti 1969 alifunga ndoa na Amon Shilinde, kijana wa gangi la kukarabati reli, ambaye mwaka 1971 alihamishiwa Usoke, na hapa ndipo walipojenga na kupata watoto wanne, nao ni Bertila aliyezaliwa mwaka 1970, Samweli mwaka 1974, Jenifa mwaka 1978 na Fikiri mwaka 1982. Mzee Amon alilalamika maisha yake yote kwamba hata chai yake inanuka mizizi, lakini ndiye aliyemjengea mkewe chumba cha uani kwa matofali ya kuchoma, akakiacha bila dirisha kama alivyoombwa, na mpaka alipofariki mwaka 2003 hakuruhusu mtu amtanie mkewe kuhusu chumba kile isipokuwa yeye mwenyewe.

Sasa tuseme kazi. Kazi ya marehemu ilikuwa kutengeneza na kutunza mafuta na dawa za kulowekwa, bugota kama tunavyoziita nyumbani, na familia haitaificha kazi hiyo nyuma ya neno mkulima, ingawa mashamba nayo alilima. Alitumia mafuta ya nyonyo, ya ufuta na samli, akaloweka magome na mizizi kwenye gongo au kwenye asali ya porini, akamimina katika vibuyu na chupa za soda, akaziba kwa nta na kuzizika hadi shingoni kwenye mchanga wenye ubaridi, maana joto na mwanga huharibu. Kila chupa aliifunga shingoni kipande cha nguo ya mwenye chupa, upindo wa khanga, ukosi wa shati, mkia wa kilemba, ili asije akampa mtu ya mwenzake. Walikuja waliotaka kupendwa, waliotaka duka lijae, waliokuwa na kesi, hata timu yetu ya mpira ilipakwa miguu mwaka 1979 na bado ikafungwa mabao manne, akaambiwa marehemu kwamba mafuta yamechacha, naye akajibu kwamba kilichochacha ni golikipa. Na walikuja pia waliotaka mtu mwingine aumie, wakipita mlango wa nyuma, na baadhi yenu mko hapa, msiogope, hatuangalii upande wowote.

Mwaka 1987 marehemu alimpa mwanamke mmoja, ambaye alishahama wilaya hii, chupa ya kumwondoa mke mwenza. Mke mwenza alipoyakuta mafuta yamepakwa kizingitini alikimbia alfajiri hiyohiyo, akamwacha mtoto wa kunyonya, na mtoto yule hakumaliza masika. Kama yalikuwa ni mafuta au ilikuwa hofu ya kuyaona, marehemu alisema hajui, na sisi mbele ya Baba Mchungaji hatutajifanya tunajua, ila tunajua kwamba alimwosha mtoto yule kwa mikono yake mwenyewe kabla hajazikwa.

Tangu hapo, chupa ya kumdhuru mtu haikutoka tena katika chumba kile. Hakumfukuza aliyekuja, maana alijua akimfukuza ataenda kwa mwingine, bali alimsikiliza mpaka amalize hasira yake, akatengeneza alichoombwa, akaifunga kitambaa na kuizika, kisha akamwambia, "Bado haijaiva, mwanangu, rudi baada ya mavuno." Aliyerudi baada ya mavuno aliambiwa arudi masika, aliyerudi masika akaambiwa mwaka huu baridi ilizidi mchangani, na wengi walipozungushwa hivyo walikuta wameshapatana, au wameshahama, au wamesahau walikasirikia nini. Kanisa lilimtenga mara mbili na kumrudisha mara mbili, na mara zote alikaa benchi lilelile la nyuma karibu na mlango, wala hakulilaumu kanisa, alisema tu kwamba kila mtu ana kazi yake.

Ndugu waombolezaji, tarehe 19 Machi 1995 kijana wake Samweli, aliyebeba jina la babu yake, alikuwa kibarua katika bani la kukaushia tumbaku la jirani yetu Mzee Masolwa, akiwa juu kabisa kwenye fito akishusha majani, bani likaanguka. Nguzo zilikuwa zimeliwa na mchwa. Vijana walikwisha kumwambia mwenye bani siku iliyotangulia, naye akasema zitarekebishwa tumbaku ikishauzwa. Samweli alikuwa na miaka ishirini, alitolewa chini ya miti akiwa hai, akaita jina la mama yake, akafa kabla mama hajafika. Mzee Masolwa alikuja msibani na gunia la mahindi, akasema ni mapenzi ya Mungu, na marehemu akaagiza gunia lirudishwe.

Baada ya matanga Recheli alikwenda kwenye bani lililoanguka, akakusanya kuni za nguzo zile, akarudi kuchemshia mafuta. Bertila alimsaidia kuengua na ndiye shahidi wetu. Alitia kila alichokijua, na vingine ambavyo hakuwahi kumtilia mtu yeyote, akamimina kwenye chupa moja ya kahawia, akaitamkia jina la Masolwa, akaifunga shingoni kipande cha shati la Samweli, akaizika pembeni, mbali na za watu. Kijiji kizima kilijua ipo. Kila mwaka, tarehe kumi na tisa Machi, aliifukua, akaishika magotini, na Bertila akisubiri mlangoni, asijue leo mama ataamuaje, kisha mama akasema, "Haijaiva," akairudisha. Neno lile alilowazungushia wenzake alilitumia kujizungusha mwenyewe, na tunaamini hakuna aliyekuwa mgumu kuzungushwa kama yeye.

Mzee Masolwa naye aliishi akiingoja. Mvua ya mawe ilipopiga tumbaku yake mwaka 2009 alisema ni ile chupa, ng'ombe wake walipokufa alisema ni ile chupa, mguu ulipovimba hakwenda zahanati kwa kuwa alijua ugonjwa unatoka wapi, mpaka mwezi Mei 2016 akaja mwenyewe uani, mchana kweupe, akavua kofia na kusema, "Mama Samweli, nimechoka, nimekuja kuuliza dawa yangu imefikia wapi." Marehemu aliingia chumbani, akaitoa chupa na kumwonyesha nta ambayo haikuwahi kukatwa, na mchanga wa miaka ishirini na mmoja ulioganda juu yake. Mzee yule aliitazama sana, akakaa chini, na alipoona kwamba hakuna tena wa kumsingizia mabaya yaliyompata, ndipo aliposema kwa kinywa chake kwamba aliambiwa habari za mchwa, kwamba alizishika nguzo zile kwa mkono wake zikamomonyoka, na kwamba aliwaza tumbaku. Marehemu hakumwambia amemsamehe, kwa sababu hakuwa amemsamehe, na familia haitasema uongo mbele ya jeneza. Alimwambia aende akatibiwe mguu. Mzee alipouliza kuhusu chupa, marehemu alimjibu kwamba bado haijaiva.

Marehemu alianza kuumwa mwaka 2022, kisukari na shinikizo la damu, na mwaka huu moyo ukashindwa kabisa, akalazwa hospitali ya Kitete tarehe 27 Mei. Jumapili tarehe 2 Juni alimwita Bertila karibu na kitanda, akamshika mkono, akasema, "Ile yangu imeiva." Bertila alikuwa amesubiri neno lile kwa miaka ishirini na tisa akiomba lisije, na sasa limekuja kwa mama asiyeweza hata kunyanyua kikombe, maana yake ni yeye, binti, ndiye atakayetumwa kuipeleka kwenye kizingiti cha mtu. Alilia, akasema, "Mama, usinipe kazi hiyo." Mama akangoja amalize kulia, kama alivyowangoja watu wote, ndipo akamwambia kwamba siku ya kumwosha wamkatie nta ile na kumpaka yeye, kuanzia utosini hadi nyayo, wasibakize hata tone, kwa kuwa ukali ule aliutengeneza mwenyewe na hataki uokotwe na mtoto wa mtu. Alifariki Alhamisi tarehe 6 Juni 2024 saa kumi na moja alfajiri, akiwa na umri wa miaka sabini na miwili, akiacha watoto watatu, wajukuu kumi na mmoja na vitukuu wanne.

Jana mchana mabinti zake wawili pamoja na jirani yetu Bibi Anifa waliuosha mwili, na Bertila akaikata nta. Mafuta yalikuwa hayajaharibika hata kidogo, yalinuka nyonyo na moshi wa tumbaku, na walimpaka mama yao yote, mpaka chupa ikafutwa kwa kidole, kisha kipande cha shati la Samweli wakamwekea kiganjani. Chupa za watu wengine zimemwagwa shimoni mbele ya Baba Mchungaji na mwenyekiti wa kijiji, na vitambaa vyote vimechomwa kwa mkupuo mmoja bila kuangaliwa ni vya nani, kwa hiyo mnaotokwa jasho mnaweza kukaa vizuri, na vile viti vya upande ule havina neno.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Kitete waliomhudumia kwa upole hata alipowafundisha namna ya kuchua miguu, inamshukuru Baba Mchungaji aliyekubali kutuzikia baada ya kutusikiliza hadi mwisho, majirani waliopika na kuteka maji, Bibi Anifa ambaye msiba huu ni wake kama ulivyo wetu, kwaya, na wenzake marehemu wa kazi, waganga na wachuuzi wa mizizi kutoka Igalula na Tabora mjini, ambao tunaona mmekaa nyuma kabisa, sogeeni.

Mzee Masolwa, upo, tumekuona pale kwenye ua. Marehemu hakuacha salamu zako, na sisi hatutakutungia. Tunachojua ni kwamba mafuta yenye jina lako yako mwilini mwake na anashuka nayo kaburini leo. Watoto wake walikaa jana, wakakubaliana, na wanakuomba ulishike jeneza mbele, upande wa kichwa, na kama mikono itatetemeka, Fikiri, mdogo wake Samweli, atashika pamoja nawe.

Mama Recheli, pumzika kwa amani, chumba cha uani tumekifagia.