Mwalimu Jailos Hakumngoja Mgeni Rasmi

Ndugu Jailos Mwaisumbe, mwalimu wa mpira wa meza katika ofisi yetu ya utamaduni hapa Mbeya, anastaafu Jumamosi tarehe 30 Juni, 1979, baada ya kutumikia ukumbi mmoja, meza mbili na watoto wasio na idadi kwa miaka ishirini na minane. Anaondoka na goti moja bovu, bega moja lisilopanda kupita sikio, na hana hata kombe moja la Iringa. Nimeombwa niandike habari zake kwa sababu mimi, Filemoni, dereva wa ofisi, nimekaa naye barabarani kuliko mkewe alivyokaa naye mezani. Dada Yudith wa taipu amenionya nisizidishe kurasa mbili na nisilalamike. Kurasa nitajitahidi.

Kabla ya sifa, nianze na jambo lililotukera wote. Tangu Januari swali hapa ofisini limekuwa moja tu: Mwalimu akiondoka, ufunguo wa ukumbi atashika nani? Asipopatikana mtu, ukumbi unageuzwa ghala la mahindi, na zile meza zinapangiwa magunia. Vijana wawili waliombwa wakakataa. Mmoja alisema safari nyingi na posho hamna. Wa pili alisema yeye ni mtu wa mpira wa miguu, hawezi kushinda akikimbizana na kitu kidogo kama yai la njiwa. Mwalimu hakubishana nao. Alisema tu kwamba amechoka, lakini hajachoka kiasi cha kutaka kuona magunia mle ndani.

Kazi aliianza Julai 1951, akiwa mfagiaji wa ukumbi huohuo, enzi ambazo makarani walikuja jioni kucheza na yeye akakaa pembeni na ufagio. Mpira ukiviringika chini ya kiti, yeye ndiye wa kuinama. Siku moja karani mmoja akakosa wa kucheza naye, akamwita mfagiaji azibe nafasi. Alifungwa vibaya sana, wanasema watu walicheka mpaka wakakaa chini. Kesho yake akarudi, na keshokutwa, na hajaacha kurudi tangu hapo.

Watu wanadhani mwalimu wa mpira wa meza kazi yake ni kupiga. Jamani, kazi yake ni kuinama! Mtoto anayejifunza anakosa, mpira unakwenda mlangoni, Mwalimu anainama. Anakosa tena, unaingia chini ya kabati, Mwalimu anapiga magoti. Kila siku kuanzia saa kumi mpaka jua linazama, baridi ya Juni ikikata masikio, watoto wamevaa masweta na yeye amevaa koti la marehemu kaka yake. Hilo goti halikuharibiwa na ajali yoyote. Limeharibiwa na watoto wetu sisi.

Alikuwa na utaratibu wake uliowatia wazazi wasiwasi. Mtoto mpya haruhusiwi kugusa mpira mpaka apige hewa majuma matatu. Anapewa raketi, anasimama mbele ya ukuta, anapiga hewa, mguu huu mbele, mkono huu hivi, tena na tena. Wanaendelea mpaka nyumbani. Mama mmoja wa Mwanjelwa alikuja hapa analia, anasema, "Mwe, bandu! Jamani watu! Mwanangu anapiga kofi watu nisiowaona!" Alikwisha mpeleka kuombewa mara mbili. Mwalimu alimkalisha, akampa raketi, akamfundisha naye kupiga hewa, na yule mama akaondoka akicheka.

Walipokuja Wachina wa reli, mwanzoni mwa miaka hii ya sabini, Mwalimu alikuwa akienda kambini kwao kwa baiskeli baada ya kazi. Lugha hawakuelewana hata neno, pointi walihesabu kwa vidole. Alirudi na namna mpya ya kushika raketi, kama mtu anayeshika kalamu, na wazee wa ukumbi wakamwambia ameharibika. Wenzetu wale walipohama walimwachia katoni ya mipira na meza, ndiyo hiyo meza ya pili. Ya kwanza tulikwisha iharibu wenyewe. Iliazimwa kwa harusi ya mfanyakazi mmoja (simtaji, anasoma hapa), wakaweka sufuria la pilau moja kwa moja kutoka motoni. Ile kona ikavimba. Mpira ukiangukia pale hauinuki, unakufa papo hapo. Watoto wetu, kwa ujanja, wakajifunza kuilenga hiyo kona tu. Tukaenda nao Iringa tukijua tumeshinda, kumbe meza ya Iringa haijawahi kuandaliwa pilau! Tulifungwa wote, wakubwa kwa wadogo.

Mipira nayo, siku hizi, ni ya kutafuta kwa tochi. Uliobonyea Mwalimu huutumbukiza kwenye maji ya moto ukavimba tena, na maji ya moto yapo kwa Mama Kalista wa chai. Siku moja nilikwisha kunywa nusu kikombe ndipo nikaona kinachoelea.

Sasa nifike Iringa, maana huko ndiko uchovu wetu uliko. Kila Agosti tulikwenda kushindania kombe la vijana wa nyanda hizi. Nenda Uyole, Chimala, Igawa, panda Makambako uganda kwa baridi, Mafinga, kisha ule mlima wa kuingilia mjini na Landrover inakohoa. Watoto wanatapika, Mwalimu anawashika vichwa. Tulirudi kila mara mikono mitupu. Mwalimu hakuwa mtu wa kutamani vitu, lakini kombe lile alilitamani, alikuwa akilitaja hata akiwa amesinzia garini.

Mwaka 1976 tulikuwa na Ikupa. Binti wa miaka kumi na mitano, mwembamba, mkono wa kushoto, amepiga hewa yake majuma matatu bila kunung'unika. Baba yake ni Mzee Andendekisye, mkulima wa viazi huko vilimani juu ya Uyole, mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache. Mzee hakutaka asafiri. Dada mkubwa wa Ikupa alikwenda Iringa na kwaya, akabaki hukohuko na mume mwenye lori. (Madereva tunasingiziwa mengi, hili ni kweli.) Mwalimu alipanda kule kwa miguu akambembeleza. Mzee akakubali kwa sharti moja: "Siku mbili, Mwalimu. Ya tatu alale kwangu." Mwalimu akampa mkono. Wakakubaliana Jumapili, na mnajua Jumapili gari haliruhusiwi kutembea baada ya saa nane mchana, na letu halikuwa na kibali.

Mwaka ule tulicheza, ndugu zangu. Mpaka Jumamosi alasiri Mbeya na Iringa tulikuwa sawa kwa pointi, limebaki pambano moja la wasichana, na msichana wetu ni Ikupa. Lilikuwa lichezwe saa kumi, mgeni rasmi akabidhi kombe. Mgeni rasmi hakufika. Zikaja habari kuwa atafika kesho saa mbili asubuhi. Basi tukalala.

Jumapili saa mbili tupo. Kiti kimetandikwa kitambaa cha maua, soda imefunikwa na leso, wanafunzi wamejipanga na wimbo wao. Ikupa anaruka ruka kupasha mwili. Saa mbili na nusu, kiti kitupu. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Huyu alitaka kutuua. Mwalimu aliwafuata waandaaji, akawaomba vijana wacheze, kombe likabidhiwe baadaye, hata jioni, hata kwa posta. Wakamjibu kwa adabu kabisa kwamba kombe haliwezi kushindaniwa mbele ya kiti kitupu. Ilipotimu saa tatu alitazama saa yake, akakitazama kile kiti, akamtazama Ikupa. Nilikuwa nimesimama mlangoni, namwona. Akasema, "Ikupa, vaa sweta."

Iringa wakapewa kombe bila kupiga mpira. Mgeni rasmi, tulisikia baadaye, alifika saa tano, akatoa hotuba ndefu, na waliokuwapo wanasema alisisitiza sana vijana kuheshimu wakati.

Mimi nilikasirika mpaka gia zikawa zinalia. Nilimwambia Mwalimu tungebaki, tungelala, tungemtumia mzee salamu, angeelewa, kwani dunia ingeanguka? Ikupa alilia mpaka Mafinga. Makambako Mwalimu akanunua viazi vya moto, hakuna aliyekula. Hapo ndipo akasema maneno yake ya pekee safari ile yote. Alisema hata yeye moyo unamuuma, lile kombe analitaka kuliko sisi sote. Ila kombe litashindaniwa tena mwakani, na akivunja neno lake kwa mzee yule, mwakani hatakuwa na mtoto wa kwenda naye. Kisha akafumba macho, lakini hakulala.

Igawa tukakutana na ng'ombe wamejaa barabara nzima, wa ndugu zetu Wasukuma wanaohamia Usangu, na ng'ombe hajui saa nane ni nini. Mwalimu alishuka na goti lake akasaidia kuswaga. Uyole tulifika dakika chache kabla ya muda. Mzee Andendekisye alikuwa amesimama kando ya barabara, bado na koti la ibada. Alilitazama jua, akamshika Mwalimu mkono kwa mikono miwili, akamshukuru, "Ndaga fijo, Mwalimu," ndipo akamwuliza binti kama ameshinda. Ikupa akajibu hawakucheza, akamweleza sababu. Mzee alivua kofia yake. Akauliza kama kombe limeachwa kwa ajili yake. Mwalimu akasema hapana, limeachwa kwa ajili ya neno lake mwenyewe, na sasa anaomba maji ya kunywa.

Ofisini aliitwa akajieleze, na hakusifiwa, tuseme ukweli. Iringa hatujakaribia kombe tena tangu mwaka ule. Ikupa hakumsemesha Mwalimu karibu mwezi mzima, kisha jioni moja akaja ukumbini na wadogo zake wawili na watoto wa jirani. Huko vilimani ilikwisha semwa kwamba anayeondoka na Jailos anarudi siku aliyosema. Wakateremka wengi, wasichana hasa, mpaka tukakosa raketi. Nusu ya watoto walio ukumbini leo wametoka njia ile.

Na ndiyo maana mwezi Mei, mambo ya ufunguo yalipokwama, Mwalimu alimtaja Ikupa. Amemaliza kidato cha nne, mkono wake bado ni moto, na watoto wanamwogopa kiasi kinachofaa. Ofisi ikakubali. Tatizo likawa lilelile la zamani: kazi ni ya safari, Iringa Agosti, Songea, labda Dodoma, kulala nje, na safari hii Mwalimu hayupo wa kutoa neno lake. Alipanda kilimani tena, goti hilo hilo, akarudi bila jibu. Majuma mawili tulingoja. Watu wa ghala walikuja kupima ukumbi kwa kamba. Nilimkuta Mwalimu anafagia mwenyewe, kama mwaka wa hamsini na moja.

Jumatatu iliyopita Mzee Andendekisye aliteremka ofisini. Mimi nilikuwa chini ya gari, niliona viatu vyake kwanza. Akaniuliza kama gari lina tairi la akiba. Nikasema lipo. Akauliza kama Makambako bado kuna baridi ileile, ili binti abebe blanketi. Nikasema baridi haijastaafu. Nikakaa palepale na mafuta usoni, nikilisubiri lile swali lake, nikitafuta jibu la kumpa. Akaingia ndani, akamwambia mkuu wa ofisi mtoto akabidhiwe ufunguo, akaaga, akaenda zake. Hakuuliza watarudi lini.

Mwalimu alipoambiwa alikaa kwenye benchi la ukumbi, akalia. Sikujua mzee huyu ana machozi, miaka yote hiyo. Watoto waliendelea kupiga hewa, maana hawajamaliza majuma yao matatu.

Sherehe ni Jumamosi saa tisa alasiri ukumbini. Mwalimu ameomba jambo moja tu: pasiwe na mgeni rasmi. Tutaanza na waliofika.

Kwa niaba ya wote waliookotewa mpira nawe, Mwalimu Jailos, tunakushukuru. Jengo bado ni ukumbi. Kaa nyumbani kwako Uyole, weka goti kwenye maji ya moto, atakayeangusha kitu ainame mwenyewe. Mungu akupe uzee wenye usingizi. Agosti tukitoka Iringa tutapita mlangoni kwako kabla ya saa nane na kupiga honi. Toka nje utazame Ikupa amebeba nini.